Matuta yaliyojengwa na kusi

Kila nikipiga simu Unguja na kusema nimetoka jangwani, naulizwa swali moja: "Huko kuna nini?" Marehemu baba asingeuliza hivyo. Yeye alikuwa akiuza boriti Malindi ya Unguja, hatua chache kutoka bandarini, na mwaka wake wote aliupanga kwa pepo mbili, kaskazi na kusi. Angeuliza: huko unavuma upepo gani? Na hilo ndilo swali la kuanzia, kwa sababu mchanga wa Wahiba, jangwa la mashariki mwa Omani, ni kazi ya kusi.

Kusi ile ile iliyokuwa ikiyarudisha majahazi Sur na Maskati baada ya kumaliza biashara Lamu, Mombasa na Unguja, ikifika pwani ya Omani hukuta ufuko mrefu ulio wazi. Inauokota mchanga na kuusukuma bara, kuelekea kaskazini, mwezi wa sita mpaka wa tisa, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo imeendelea kwa maelfu mengi ya miaka. Kilichojengeka ni nchi ya mchanga yenye kilomita za mraba 12,500 hivi, yaani zaidi ya mara saba ya kisiwa chetu cha Unguja: kilomita 180 kutoka kusini hadi kaskazini, na 80 kwa upana. Matuta makubwa yamelala kwa urefu kufuata njia ya upepo, mengine yakifika mita 100 kwenda juu, na katikati yake kuna mabonde marefu ambayo mtu anaweza kuyafuata kutwa nzima bila kugeuka. Serikali imeipa nchi hiyo jina la Mchanga wa Sharqiya. Wenyewe bado wanaita Ramlat al-Wahiba, kwa jina la kabila lao.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Maskati. Darasani nachora mishale ya upepo ubaoni na wanafunzi wananakili. Nilitaka watu wangu waikanyage mishale hiyo kwa miguu yao, na ndiyo maana nilianza kuwashawishi jamaa mapema, tangu joto halijapungua.

Tulikuwa watu wa nyumba moja na marafiki. Alikuwepo Ami, mdogo wake marehemu baba, aliyezaliwa Unguja na kuhamia Omani miaka ya 1970. Alikuwepo shangazi, binamu zangu na wake zao, dada wawili wa Mombasa wanaofanya kazi ya uuguzi hapa mjini, na kijana mmoja wa Tanga anayesoma chuo. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambi, kila mtu na chake. Kiongozi wetu, Mwahiba wa makamo aliyezaliwa mchangani, hakujua Kiswahili, kwa hiyo ukalimani ukawa juu yangu.

Mashauriano ya kwanza yalikuwa ya maji. Lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, na hapo hujahesabu ya kuosha uso. Ukiwa na kundi kama letu, maji peke yake ni mzigo wa kutisha. Ngamia mwenye afya hubeba kilo 150 hivi kwa safari ndefu, lakini hata yeye anataka kupumzishwa. Kiongozi akaamua mapipa ya maji yaende kwa gari, likitangulia kwa njia ya bondeni, na ngamia wabebe mablanketi, maturubai, vyombo, na mzee akichoka. Ami aliposikia "mzee akichoka" alinyanyua fimbo yake akasema atatembea. Na alitembea sehemu kubwa, mwenye miaka zaidi ya sabini na tano, kanzu ameikunja na kuifunga kiunoni.

Vyakula vilikuwa vya kawaida: mchele, unga, vitunguu, ndimu, tende, kahawa na iliki, halua, na papa mkavu ambaye shangazi alimfunga kwa makaratasi mengi ili gari lisinuke. Papa mkavu ni chakula cha huku na chakula cha kwetu. Waomani humla na vitunguu na ndimu, sisi twamtia nazi, na mfanyabiashara aliyekuwa akisafiri baina ya pwani hizi mbili hakupata tabu ya tumbo popote alipofikia.

Kutoka Maskati barabara inapita Ibra na vijiji vyake. Tulisimama Al Mudayrib kwa ajili ya Ami. Zile nyumba kongwe za udongo na mawe, na milango yake ya mbao iliyochongwa, nyingi zilisimamishwa kwa pesa za Afrika Mashariki, na koo nyingi pale zina jamaa Afrika Mashariki. Ami aliweka kiganja kwenye mlango mmoja, akasoma nakshi kwa vidole, akasema mlango huu ungekuwa Mji Mkongwe usingemshangaza mtu. Tukaendelea.

Bidiya ndipo mchanga unapoanzia, na unaanza ghafla. Huku mitende, mifereji ya falaji, ukuta wa shamba, na ng'ambo ya ukuta tuta la rangi ya udongo mwekundu limesimama. Wageni wengi huuliza mbona haujasonga mbele zaidi na kumeza mji. Kinachouzuia ni Wadi Batha, mto mkavu unaouzunguka mchanga upande wa kaskazini na mashariki. Mvua ikinyesha milimani, mafuriko yanateremka na kuusomba mchanga wote uliovuka mpaka. Upepo unajenga, maji yanabomoa, na Bidiya inaishi katikati ya kazi hizo mbili.

Kutembea mchangani kuna elimu yake. Kila tuta lina upande wa goshini, unaopokea upepo, na upande wa demani, uliokingwa na upepo. Goshini mwinuko ni mpole na mchanga umejishindilia, mguu unazama kidogo tu. Demani mchanga umemwagika wenyewe mpaka ukasimama kwa mwinamo wa digrii 33 hivi, na hapo kila hatua ya kupanda inakurudisha nusu. Ukipita demani utasikia mchanga unateremka nyuma yako kwa mlio mdogo, kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Kiongozi alitupitisha goshini na migongoni mwa matuta madogo, hakutupitisha njia ya mkato ili kuokoa muda. Kijana wa Tanga, mwenye nguvu zake, alijaribu kupanda moja kwa moja upande wa demani, na tulipomkuta juu alikuwa amelala chali, hana sauti. Kiongozi alimpa maji, akamwambia mambo mawili tu: fuata nyayo za ngamia, na usishindane na kitu kisichochoka.

Suala la viatu lilileta mjadala mrefu. Buti zinajaa mchanga, ndara zinaunguza mguu kwa juu. Kiongozi alivaa soksi nene za sufi, basi. Dada wa Mombasa waliyatibu malengelenge ya binamu zangu kwa sindano iliyopitishwa motoni na plasta, na baada ya hapo karibu kila mtu alitembea na soksi. Mguu wenye soksi unaujua mchanga. Unahisi pale ulipo mgumu na pale ulipo mlegevu kabla uzito wote haujafika, na mwendo unabadilika wenyewe.

Tulitembea kuanzia baada ya sala ya alfajiri mpaka saa nne au saa tano, tukapumzika kivulini mpaka alasiri, kisha tukaenda tena mpaka karibu na magharibi. Asubuhi ndiyo iliyokuwa bora. Umande unaushika mchanga, na kila kiumbe kilichotembea usiku kimeacha saini. Kuna mistari miwili ya vitone, hiyo ya mende wa mchangani. Kuna nyayo ndogo ndogo zinazorukaruka kutoka kichaka hadi kichaka, za panya wa jangwani, na mahali zinapokatika ghafla unajua mbweha alifika. Kuna mfereji mwembamba unaoanza na kuishia popote, wa mjusi anayezama mchangani na kuogelea chini yake. Ukipita kwa gari, vyote hivyo ni mchanga mtupu. Miaka ya 1980 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilileta wanasayansi kuichunguza nchi hii, nao wakaorodhesha aina 150 za mimea ya asili peke yake, mbali na ndege, wanyama na wadudu. Kwa hiyo ninapoulizwa "huko kuna nini", jibu ninalo, na ni refu.

Kiongozi alisoma zaidi ya sisi. Alikuta kwato za ngamia, akainama, akasema huyu ni jike, anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto, na ni wa binamu yake. Hakusema kwa kujigamba. Alichukua simu akapanda juu ya tuta kutafuta mtandao, akampigia binamu yake kumwambia ngamia wake yuko wapi na anaelekea wapi. Mchana tulimpita jike huyo, anakula matawi ya chini ya mghafu, na kweli anachechemea.

Huo mghafu nataka niuseme vizuri, kwa sababu bila yeye hakuna Wahiba. Ni mti wa wastani, majani madogo madogo, matawi yanayoinama. Mizizi yake hushuka mbali sana kutafuta maji ya chini, na upande wa mashariki wa mchanga kuna ukanda mrefu wa misitu ya miti hiyo. Ngamia na mbuzi wanakula majani na maganda yake, watu wanakaa kivulini, na ndege wote tuliowaona siku nzima walikuwa juu yake. Kiongozi hakuruhusu hata tawi moja bichi likatwe. Kuni zetu zilikuwa za matawi yaliyoanguka yenyewe, na hata hayo aliyagawa kwa mkono wake: haya ya chakula, haya ya kahawa, hayo mengine yaache kwa atakayekuja.

Chini ya mghafu mmoja tulikuta nyumba ya Wawahiba: kuta za makuti na mbao, paa la turubai, mbuzi, gari kuukuu, na bibi mmoja na mabinti zake. Wanawake walivaa barakoa, hizo za asili zenye ncha ya mbele juu ya pua, ambazo Unguja sasa mtu anaziona kwenye picha za zamani tu. Wanaume walikaa nje na kiongozi, sisi wanawake tukaingia ndani. Bibi alikuwa anafuma mkanda wa ngamia, mweusi, mwekundu na mweupe, kazi inayomchukua wiki nyingi, na mikono haikusimama alipokuwa anatuhoji. Mmetoka wapi? Wa nani? Nilipomtajia ukoo wetu alitikisa kichwa, akaanza kuhesabu watu wa kabila lake waliokwenda Zinjibari wasirudi. Akatumiminia kahawa kutoka kwenye dele, kidogo kidogo, na hakuacha mpaka kila mmoja wetu alipotikisa kikombe. Wifi yangu, Mnyamwezi wa Tabora ambaye ni mgeni katika mambo haya, alikunywa vingi kabla shangazi hajamnong'oneza dawa yake.

Bibi huyo ndiye aliyenieleza habari ya kiangazi chao. Kusi ikianza, ndani ya mchanga hapakaliki: upepo unapuliza kutwa, kuna joto, mchanga unaingia kwenye chakula na machoni. Basi familia nyingi zinatoka na mifugo, zinahamia Bidiya kwenye mitende, na huo ndio wakati wa kuvuna tende. Wenye mashamba wanahitaji mikono, wenye ngamia wanahitaji kivuli na maji. Kila mwaka watu wa mchanga na watu wa mitende wanakutana msimu mmoja, kisha wanaachana kusi ikishatulia. Mimi niliyekulia Malindi niliyaona majahazi pale pale: watu wanaokaa, watu wanaokuja na upepo, na biashara inayowangoja wote wawili.

Mchana tulipumzika. Kuhusu udhu, Ami alikata shauri mapema: maji ya kunywa yanatangulia, na mchanga safi umetuzunguka. Tukatayamamu. Tukasali kwa kupunguza, kama wasafiri. Kuweka viganja juu ya mchanga ule, ukaupaka uso na mikono, kisha ukasimama huna ukuta mbele yako wala safu ya mwisho nyuma yako, ni jambo nililolijua kwenye vitabu vya chuoni tangu utotoni. Nilipolifanya nililia, na sikuwa peke yangu.

Usiku ni baridi. Mwezi wa kwanza mchana ni nyuzi 25 hivi, hali nzuri kabisa ya kutembea, lakini jua likizama joto linakimbia, na alfajiri mtu anajikunyata chini ya mablanketi mawili. Umande ni mwingi kuliko mgeni anavyodhani, kwa sababu bahari haiko mbali na ukungu wake unaingia bara. Tulilala kwenye maturubai yaliyotandikwa majamvi, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili wa ngamia, na hema moja tu kwa shangazi. Kiongozi alikanda unga na chumvi, akausambaza bapa, akauweka juu ya makaa yaliyopunguzwa, akaufukia kwa majivu na mchanga wa moto. Ulipotoka aliupiga kwa fimbo mpaka mchanga wote ukadondoka. Tuliula na samli na asali, na papa wa shangazi pembeni. Hata kijana wa Tanga, aliyekuwa ameapa hatakula mkate uliozikwa, aliomba tena.

Moto ukishapungua, mazungumzo yalikuwa ya Ami. Alitueleza habari alizopewa na baba yake, babu yangu, aliyesafiri kwa jahazi kutoka Sur akiwa kijana. Walikuwa wakingoja kaskazi ishike kuvuma, wanatoka, wanaipita Ras al Hadd, halafu wanashuka na pwani. Mkono wa kulia, babu alikuwa akisema, mchanga mweupe uliwafuata kutwa nzima, hakuna mti, hakuna moshi, na mabaharia wakiuogopa kwa sababu jahazi likisukumwa ufukweni hapo hapana wa kumpigia kelele. Mchanga huo huo ndio tuliokuwa tumelala ndani yake. Kiongozi alitaka kujua mzee anasema nini. Nilipomfasiria, alifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba na babu yake yeye alikuwa akisimama juu ya matuta ya pwani akiyatazama majahazi yanapita kwenda Zinjibari, na kujiuliza watu hao wanatafuta nini kwenye maji matupu. Ami alicheka mpaka akakohoa, akamwita kiongozi "ndugu yangu" kwa Kiarabu, na tangu usiku ule walitembea pamoja mbele.

Urefu wote wa Wahiba hatukuumaliza kwa miguu, na hatukukusudia. Sehemu ya kusini tuliivuka kwa magari mawili yaliyopunguzwa upepo wa matairi, ili tufike baharini. Njiani nilikuwa na chupa yangu ya siki. Mchanga wenye vipande vya magamba ya baharini ukitiwa siki hutoa povu dogo, na nilikuwa nimelijaribu hilo Bidiya mbele ya kundi: mchanga mwekundu, vipovu vichache, watu wakaniambia ni macho yangu tu. Kila tulipopumzika nilijaribu tena. Kadiri tulivyoteremka kusini rangi ilififia, kutoka nyekundu kwenda kwenye manjano, kutoka manjano kwenda kwenye rangi ya maziwa, na povu likazidi. Karibu na pwani lilikuwa likisikika ukitega sikio. Binamu zangu walikuwa wakinyang'anyana chupa.

Sababu yake ni hii. Miaka 20,000 iliyopita, dunia ilipokuwa na barafu nyingi, bahari ilikuwa chini ya hapa ilipo kwa mita 120 hivi. Sakafu ya bahari iliyo karibu na pwani ilikauka, na magamba ya kombe na chaza na viumbe wengine yaliyokuwa yamelundikana yakabaki wazi juani. Upepo wa kusini-magharibi ukayasaga na kuyabeba. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchanga unaouona upande ule iliwahi kuwa viumbe wa baharini. Mahali pengine matuta ya zamani yamegandamana yakawa jiwe, na ukiyaangalia ubavuni unaona matabaka yaliyoinama, kila tabaka ni demani ya tuta lililokufa. Nilimpa Ami kipande. Akakipima mkononi, akakikwangua kwa kucha, akasema jiwe hili lina undugu na la kwetu, lile tunalojengea nyumba. Hakukosea: yote mawili ni chokaa ya bahari.

Ufukweni wavuvi walikuwa wameanika dagaa juu ya mchanga, eneo kubwa linalometameta, na harufu ilitupokea kabla ya bahari. Dagaa hao wakikauka sehemu yao inakwenda kwa mifugo. Ngamia wetu hawakuja mpaka huko, lakini tulimwona mwingine, kichwa chini, anatafuna dagaa kwa utulivu kabisa, na dada wa Mombasa walimpiga picha kutoka kila upande kwa sababu walijua nyumbani hawataaminiwa. Ami alivua soksi akaingia majini mpaka magotini. Alisimama anatazama kusini-magharibi muda mrefu, anaonyesha kwa fimbo: hapa walikuwa wakipita, umbali ule, tanga moja kubwa na moja dogo. Kisha akaniuliza kama nimeleta ndimu, kwa sababu amezungumza na mvuvi mmoja na kuna samaki wabichi.

Jambo moja limenikaa moyoni na nalisema wazi. Mwisho wa juma matuta ya upande wa Bidiya yanajaa magari yanayopanda na kushuka kwa kasi, vijana wanashindana, wageni wanalipa kufurahishwa hivyo. Wanavunja vichaka vilivyochukua miaka kushika mchanga, wanafukia mashimo ya wanyama, na wakiondoka wanaacha chupa na mifuko. Ngamia hula mifuko ya plastiki. Inajikusanya tumboni, inakuwa donge, na mnyama anakufa kwa njaa tumbo limejaa. Kiongozi wetu ameshapoteza ngamia wawili namna hiyo. Sisi tulibeba gunia la takataka zetu na tukarudi na magunia matatu, mawili yakiwa ya watu wengine. Watoto wa binamu zangu ndio waliookota kwa bidii zaidi, baada ya kusikia habari ya wale ngamia.

Kwa anayetaka kuja: miezi mizuri ni kuanzia wa kumi na moja mpaka wa pili. Chukua soksi nene jozi tatu, kilemba au mtandio mrefu wa kuziba pua, blanketi la kweli, na tochi ya kichwani. Usiku kung'uta viatu kabla ya kuvaa, nge wapo. Mwanamke asihofie mavazi, nguo ndefu na pana ndiyo inayofaa jua la kule kuliko suruali za kubana. Usiende bila mtu wa Wahiba, hata kama una ramani kwenye simu. Na omba kutembea, kwa sababu usipoomba watakupakia garini wakidhani ndicho unachotaka.

Sisi tumeshapanga tena, safari hii katikati ya kusi. Hatutaingia mchangani, tutakaa Bidiya kwenye mavuno ya tende, na bibi wa mkanda wa ngamia ametualika atakapokuwa amehamia kwenye mitende. Ami ameshauliza mara mbili tarehe. Shangazi anataka kujua kama papa aletwe tena au kule yuko wa kutosha.